Anza na Maji: Kuchora Manowari ya Kulinda Pwani

Hotuba kwa wanafunzi wa uhandisi wa meli

Assalaam aleikum, na habari za jioni. Walimu wangu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana mliosimama kule nyuma, sogeeni, kuna viti upande huu wa dirishani.

Hapa mezani nimeleta karai la maji, sinia la bati, kopo tupu la maziwa na pakiti mbili za misumari. Vikae kwanza, tutavirudia.

Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mashua. Mtu akija kumwagiza chombo alianza kusema urefu anaoutaka na tanga analolitaka, na babu alimwacha aseme mpaka achoke. Halafu alimuuliza jambo moja: "Utapita wapi nacho?" Mwenye kupita mikokoni, kwenye maji ya kiunoni, alijengewa chombo chake. Mwenye kuvuka mkondo wakati wa kusi alijengewa kingine kabisa. Mti ni ule ule na misumari ni ile ile, lakini mkuku ni mwingine na mbavu ni nyingine.

Miaka mingi baadaye nilianza kusoma michoro ya manowari za kulinda pwani, zile zilizojengwa au kukusudiwa kujengwa kati ya Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili. Kila nilipofungua mchoro nilimsikia babu. Nilichojifunza, na ndicho kilichonileta kwenu, ni kwamba michoro iliyoanza na mizinga iliharibika, na ile iliyoanza na maji ilisimama. Chombo kizuri nacho kilikufa siku kilipopelekwa kwenye maji ambayo hakikuchorewa.

Kwanza tuelewane tunazungumzia chombo gani. Manowari ya kulinda pwani ni meli fupi, nene, ya mwendo mdogo, inayobeba mizinga mikubwa kupita umbo lake na kuvaa mabamba ya deraya, chuma kinene cha kukinga makombora. Haiendi kupigana katikati ya bahari kuu. Inakaa kwenye miamba, visiwa na mafungu ya mchanga ya nchi yake, mahali ambapo manowari kubwa ya adui inaogopa kupanda mwamba, na kutoka hapo inamwambia adui kwamba akijaribu kuteremsha askari, atalipa.

Ukoo wa meli hizi mnaujua hata kama hamjui kwamba mnaujua. Mwaka 1915 kruza ya Kijerumani Königsberg, yaani manowari ya kasi ya ukubwa wa kati, ilikuwa imejificha ndani ya delta ya Rufiji. Kruza za Kiingereza zilizunguka nje, maji hayakuziruhusu kuingia. Waliomaliza kazi ile walikuwa Severn na Mersey, vyombo bapa vya mizinga vilivyojengwa Uingereza kwa ajili ya Brazil, vya kupita kwenye mito, ambavyo chini ya maji havikufika hata mita mbili. Tarehe 6 Julai walijaribu wakashindwa, tarehe 11 wakarudi, ndege ikiwaonyesha makombora yanaangukia wapi, na Königsberg ikaisha. Ukienda Fort Jesus, Mombasa, mzinga mmoja wa Königsberg uko pale. Ukiugusa, kumbuka kwamba chombo chenye mizinga ile kilishindwa na vyombo ambavyo mtu angeviona bandarini na kusema ni majahazi ya mchanga.

Sasa twende kunakohusika hasa, Bahari ya Baltiki.

Mwaka 1922, pale Washington, mataifa matano makubwa ya baharini yalikubaliana kupunguza manowari zao. Meli iliyozidi tani 10,000, au yenye mzinga ambao upana wa mdomo wake ulizidi milimita 203, ilihesabiwa kuwa manowari kubwa na ikawekewa mipaka. Mataifa madogo hayakutia saini, hivyo Ufini, Uswidi au Siam (Thailand ya leo) waliweza kujenga kitu ambacho wakubwa walijinyima: meli ndogo yenye mzinga mkubwa. Ulipofika mkataba wa London wa 1936, aina hii iliandikwa rasmi kuwa kundi lake peke yake: meli isiyozidi tani 8,000 lakini yenye mzinga unaozidi milimita 203. Hapo ndipo penye uhuru wa mchoraji, na kwa sababu hiyo watu wengi hadi leo wanapenda kukaa na karatasi na kubuni meli ambazo hazikuwahi kujengwa. Mimi ni mmoja wao. Ni mazoezi mazuri kuliko yote ninayoyajua, kwa kuwa tani ni chache na kila kosa linaonekana.

Ufini ilijitangazia uhuru mwaka 1917. Ilirithi vyombo vichakavu vya Urusi, na kimoja cha vyombo hivyo, mashua ya topido, makombora yanayokwenda chini ya maji, iliyoitwa S2, kilizama kwa dhoruba tarehe 4 Oktoba 1925 pamoja na watu wote 53 waliokuwemo. Taifa zima lililia. Chombo kilikuwa kimezeeka na bahari ilikuwa imechafuka, lakini watu waliona kwamba vijana wao wamepelekwa baharini katika mabati. Mwaka 1927 bunge lilipitisha sheria ya kujenga jeshi jipya la majini, na ndani yake mlikuwa na manowari mbili za kulinda pwani.

Kwa nini meli na si mizinga ya nchi kavu? Swali hili lazima mchoraji alijibu kabla hajachonga penseli. Mzinga uliojengewa ufukweni hauzami, hauendi mrama, yaani hauyumbi ubavu kwa ubavu, hauhitaji makaa wala dizeli, na gharama yake ni ndogo. Ufini ilikuwa nayo, mingine ya milimita 305. Lakini kuna visiwa vya Åland, kwenye mlango wa Ghuba ya Bothnia, na mkataba uliotiwa saini Geneva mwaka 1921 ulikataza kujenga ngome huko. Anayevishika visiwa vile anaishika koo njia ya kwenda bandari za Ufini na Uswidi. Basi kama huruhusiwi kujenga ngome pale, unahitaji ngome inayoweza kufika pale siku vita vinapoanza na kuondoka siku vinapoisha. Sheria ya kimataifa ndiyo iliyoichora ile meli kabla ya mhandisi. Mtu akikuonyesha mchoro wake wa kubuni akashindwa kusema meli yake inafanya nini ambacho mzinga wa ufukweni hauwezi, mrudishie karatasi yake kwa heshima.

Kazi ya kuchora ilipewa ofisi moja ya The Hague, Uholanzi, iliyoitwa IvS, iliyoanzishwa mwaka 1922 na viwanda vya meli vya Ujerumani ili wahandisi wao wasisahau kazi wakati mkataba wa Versailles, uliofuata kushindwa kwao vitani, umewafunga mikono. Kujenga kulifanyika nyumbani, Turku, katika chelezo cha Crichton-Vulcan. Meli ya kwanza iliteremshwa majini Desemba 1930, ya pili Julai 1931. Zilipewa majina ya mashujaa wa nyimbo za kale za Wafini: Väinämöinen, mzee mwimbaji, na Ilmarinen, mhunzi.

Tuziangalie kwa karibu. Shikeni kalamu.

Urefu mita 93. Upana mita 16.9. Sehemu iliyo chini ya maji, mita 4.5. Zidisheni. Mmepata 7,072 na ushei. Hizo ni mita za ujazo za sanduku ambalo meli ingeweza kulala ndani yake. Lakini tumbo la meli si sanduku, limechongwa omo (mbele) na tezi (nyuma), linajaza sehemu tu. Chukueni asilimia 55. Mmepata kama 3,890. Maji ya Baltiki yana chumvi kidogo mno, kwa hiyo mita moja ya ujazo ni kama tani moja. Tani 3,900, na huo ndio uzito halisi wa Väinämöinen. Hamkuhitaji kompyuta. Mmefanya sasa hivi jambo ambalo mchoraji yeyote alilifanya siku yake ya kwanza.

Sasa angalieni uwiano wa urefu na upana. Meli ya mita 93 yenye upana wa karibu mita 17 ni kama urefu mara tano na nusu ya upana. Kruza za wakati ule zilikuwa mara tisa au kumi. Kwa nini huyu kanenepa hivi? Kwa sababu ya zile mita 4.5. Mchoraji alikatazwa kwenda chini, kwani visiwa vya Ufini ni maelfu na kati yake kuna miamba inayojificha chini ya maji. Kama huwezi kwenda chini na uzito lazima ubebwe, unapanuka. Na ukipanuka, unakuja kwenye karai letu.

Njoo, kijana, wewe uliye karibu. Weka sinia juu ya maji. Mimina misumari katikati, robo pakiti. Sukuma ukingo wa upande mmoja kidogo, uachie. Mmeona linavyorudi? Linarudi kwa haraka, kwa hasira. Sinia haliyumbi polepole, linagutuka. Ndivyo meli pana isiyo na kina inavyofanya: imara sana, lakini mtikisiko wake unamtupa baharia na unamfanya mpiga mzinga ashindwe kulenga. Sasa chukua kopo. Lisimamishe majini likiwa tupu. Limeanguka. Weka misumari chini yake. Hiyo ndiyo farumi. Limesimama. Lisukume. Linakwenda taratibu na kurudi taratibu. Mabaharia wanapenda mwendo huo, mpaka siku utakapowazidi.

Rudi kwenye sinia. Weka kopo lenye misumari juu ya sinia, katikati. Sukuma. Haya, limebadilika tabia. Sasa linakwenda mrama polepole na linachelewa kurudi, kwa sababu uzito umepanda juu. Na tazameni ukingo: ukigusa maji tu, sinia limejaa, limekwisha. Ukingo huo ndio wasiwasi wa usiku wa mchoraji wa manowari ya pwani.

Watu wa Turku walisimamisha kopo juu ya sinia lao. Minara miwili, mmoja omo na mmoja tezi, kila mmoja na mizinga miwili ya milimita 254 kutoka kiwanda cha Bofors, Uswidi. Katikati, mnara mrefu sana wa kuangalilia na kupimia umbali, kwa sababu mzinga unaotupa kombora kilomita 30 ni bure kama macho yako hayafiki huko. Ikaongezwa mizinga minane ya milimita 105 ya kupiga ndege na mashua. Matokeo yake, mabaharia wa meli hizi walisimulia jinsi zilivyokwenda mrama bahari ilipokuwa wazi. Kati ya visiwa, kwenye maji matulivu, zilikuwa jukwaa la mizinga lisilo na mfano. Mnaona? Mchoraji hakukosea. Alijua anachonunua na alijua analipa nini.

Hiyo milimita 254 inastahili tuikalie kidogo. Uzito wa kombora haukui sawasawa na upana wa mzinga, unakua kama upana uliozidishwa mara tatu wenyewe kwa wenyewe. Kombora la milimita 152 ni kama kilo 46. La milimita 254 la Wafini lilikuwa kilo 225. Mzinga umepanuka kwa theluthi mbili, lakini pigo limekuwa karibu mara tano. Kruza ya Kisovieti Kirov, iliyoingia kazini mwaka 1938, ilibeba mizinga tisa ya milimita 180 na ilikuwa kubwa zaidi ya mara mbili kuliko Väinämöinen. Lakini deraya yake haikuwa ya kuzuia kilo 225. Kruza hiyo, ikijua kwamba nyuma ya kisiwa fulani kuna mizinga minne ya aina hiyo, inafikiri mara mbili. Hilo tu ndilo Wafini walilolinunua: adui afikiri mara mbili. Manowari kubwa za Urusi zenye mizinga kumi na miwili ya milimita 305 zilikuwa jambo jingine, na hakuna mchoraji mwaminifu aliyeahidi kwamba tani 3,900 zitasimama mbele yao ana kwa ana.

Na deraya? Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapotapanya uzito kama pesa za harusi. Chuma kina tani 7.85 kwa kila mita ya ujazo. Tuseme unataka ukanda wa deraya ubavuni, urefu mita 60, kimo mita 3, pande zote mbili. Ni mita za mraba 360. Ukiweka unene wa milimita 100, ni tani 283 hivi. Ukiweka milimita 200 ili uzuie kombora kubwa, ni tani 565, na bado hujafunika sitaha, bado minara, bado chumba cha nahodha. Katika meli ya tani 3,900, umekula sehemu moja ya saba kwa ukanda peke yake. Wafini waliweka kama milimita 50 hadi 55 ubavuni, na milimita 100 usoni mwa minara. Walilinda mizinga kwanza. Naikubali hesabu yao.

Mwendo wao ulikuwa karibu maili 15 za baharini kwa saa. Vijana wananiuliza kila mara, kwa nini wasingefika 20? Nguvu ya injini inayohitajika inakua kama mwendo uliozidishwa mara tatu wenyewe kwa wenyewe. Kutoka 15 kwenda 20 ni nguvu zaidi ya mara mbili na robo, na kwa meli fupi na nene kama hii ni zaidi ya hapo, maana inalisukuma wimbi lake yenyewe kama mtu anayepanda mlima usioisha. Na 20 ingempa nini? Asingemkimbia kruza wa 35 wala kumfukuza. Badala yake waliweka injini nne za dizeli za kiwanda cha Krupp, Ujerumani, zikazalisha umeme, na umeme ukazungusha rafadha. Faida yake: katika mlango mwembamba kati ya miamba nahodha anaweza kubadili mwendo mara moja, mbele au nyuma, na omo yenyewe ilichongwa iweze kupita kwenye barafu. Hiyo ndiyo akili ya "utapita wapi nacho".

Nipite haraka kwa majirani. Wadenmaki waliichora Niels Juel ibebe mizinga mikubwa ya Krupp ya milimita 305. Vita vya 1914 vikazuka, mizinga haikupatikana, meli ikasubiri, na ilipoingia kazini mwaka 1923 ilikuwa na mizinga kumi ya milimita 150. Mwili wa ngome, mikono ya kruza. Wanorwe waliagiza mbili Uingereza, Waingereza wakazichukua kwa vita vyao, na hivyo asubuhi ya tarehe 9 Aprili 1940, pale Narvik, waliosimama mlangoni walikuwa Norge na Eidsvold, meli za mwaka 1900. Topido za Wajerumani zilizimaliza, watu zaidi ya 270 wakafa. Wajerumani wenyewe, walipobanwa na tani 10,000 za Versailles, walizitazama pia michoro ya chombo kizito cha kwenda polepole chenye mizinga mikubwa, wakaiacha, kwa kuwa maji waliyoyataka yalikuwa Atlantiki.

Uswidi inanigusa moyo kwa sababu nyingine. Serikali ilipoiahirisha manowari mpya mwaka 1911, wananchi walichanga wenyewe. Ndani ya miezi michache ya 1912 zilipatikana zaidi ya kroni milioni 15, zaidi ya zilizohitajika. Watoto wa shule walichanga. Meli ikaitwa Sverige, yaani Uswidi yenyewe, tani kama 7,000, mizinga minne ya milimita 283, mwendo zaidi ya 22. Ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote za aina hii, ikadumu hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Lakini maji yao yalikuwa na nafasi, na mifuko yao ilikuwa mirefu.

Nataka tuende mbali na Baltiki kidogo, Ghuba ya Siam. Mwaka 1938 chelezo cha Kawasaki huko Kobe kilimaliza meli mbili, Thonburi na Sri Ayudhya. Tani 2,265. Urefu hata mita 77 hazikutimia. Mizinga minne ya milimita 203. Kwa maji ya Siam, yaliyojaa matope na mafungu, mchoraji Mjapani alifanya kazi ya ajabu; sijui mchoro mwingine wa uzito ule uliobeba mizinga ile. Tarehe 17 Januari 1941, karibu na kisiwa cha Ko Chang, Thonburi ilikutana na kruza ya Kifaransa La Motte-Picquet, yenye mizinga minane ya milimita 155. Kwa karatasi, mwenye 203 anampiga mwenye 155. Kombora la Kifaransa liliifikia mapema sehemu ya juu ya uongozi, nahodha Luang Phrom Viraphan akafa, na chombo kikaanza kuwaka. Mafungu yalimsaidia, kwani Mfaransa hakuthubutu kumfuata hadi ndani, lakini moto na maji vilikuwa vimeshaingia. Alilala ubavu kwenye maji mafupi.

Nimeisoma habari hii mara nyingi kwa sababu inamgusa mchoraji moja kwa moja. Katika tani 2,265 ukishaweka mizinga minne ya 203, kinachobaki kwa ajili ya vichwa vya watu wanaoongoza vita ni kidogo. Kruza ilirusha makombora mengi zaidi kwa dakika, na watu wake walikuwa wamefunzwa. Leo mnara mmoja wa mizinga na jukwaa la nahodha la Thonburi vimewekwa kwenye chuo cha jeshi la majini la Thailand, na makadeti wanapita mbele yake. Ningependa siku moja nisimame pale.

Turudi Ufini, maana hadithi ya wale ndugu wawili haijaisha.

Septemba 1941 Wajerumani, ambao Wafini walikuwa wakipigana upande wao dhidi ya Wasovieti, walikuwa wakijiandaa kuvishambulia visiwa vya Estonia. Ili kuwavuta macho Wasovieti, Väinämöinen na Ilmarinen ziliagizwa zitoke nje, bahari wazi, kusini ya kisiwa cha Utö, zijionyeshe kama msafara wa uvamizi. Chambo. Jioni ya tarehe 13, zikiwa zinageuka kurudi, Ilmarinen iligonga mabomu yaliyotegwa majini. Ililala ubavu, ikapinduka, ikazama kwa dakika saba. Watu 271 walikufa. 132 waliokolewa, na baadaye walionusurika wakajiita "chama cha waogeleaji cha Ilmarinen".

Dakika saba. Kaeni nazo kidogo, ninyi mtakaochora vyombo ambavyo watu watalala ndani yake. Meli ya upana wa mita 17 haina nafasi ya kuta za ndani za kutosha kuzuia mlipuko chini ya mkuku. Ukitenga mita 3 kila ubavu kwa ajili ya ulinzi, umebakiwa na mita 11 za kuweka injini nne na ghala za makombora. Ukiongeza mnara mzito juu, maji yakiingia upande mmoja, sinia limeshagusa ukingo. Mchoro wa The Hague ulidhani meli itaishi kati ya visiwa, kwenye njia ambazo Wafini wenyewe wanazijua na kuzisafisha. Aliyeituma nje siku ile aliichukua mashua ya mikokoni akaipeleka mkondoni.

Na pacha wake? Väinämöinen ilirudi kwenye visiwa na ikakaa humo. Wasovieti waliitafuta vita nzima. Tarehe 16 Julai 1944 walituma zaidi ya ndege 130 bandari ya Kotka, wakaipiga na kuizamisha meli waliyoamini ndiyo yenyewe. Ilikuwa Niobe, kruza kuukuu ya Kiholanzi iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Väinämöinen ilikuwa imefichwa kwingine. Vita vilipoisha ilikabidhiwa kwa Umoja wa Kisovieti mwaka 1947, ikaitwa Vyborg, ikakatwa vyuma mwaka 1966. Meli ile ile, mchoro ule ule, chelezo kile kile. Mmoja yuko chini ya Baltiki tangu 1941, mwingine hakuwahi kuzamishwa.

Nikikaa mimi kwenye kiti cha mchoraji mwaka 1928, ningebadili nini? Minara miwili ya 254 ningeiacha kama ilivyo. Upana ningeongeza mita moja na nusu, nikubali kupoteza nusu maili ya mwendo. Mnara mrefu wa kati ningeupunguza kimo, uzito huo niuteremshe chini kwenye kuta za kugawa vyumba vya injini, ili mlipuko mmoja usijaze viwili. Mizinga ya 105 nisingeigusa. Ndege za 1939 zingenihukumu. Najua nasema haya nikijua kilichotokea, na wao hawakujua. Lakini bomu la kutegwa halikuwa jambo geni Baltiki mwaka 1928. Vita vilivyotangulia vilikuwa vimeijaza bahari ile.

Sasa zamu yenu. Karatasi za miraba ziko kwenye meza ya mlangoni, kila watu watatu wachukue moja. Mwaka ni 1933. Mteja wenu ni Estonia. Kweli mwaka huo waliziuza manowari zao mbili, Wambola na Lennuk, kwa Peru, na fedha zikaenda kununua nyambizi mbili, Kalev na Lembit, zilizojengwa Uingereza. Tuseme kamanda wao amekuja kwenu kwanza, anataka kusikia kama kuna chombo cha kulinda pwani kinachofaa kuliko nyambizi. Tani zisizidi 3,000. Chini ya maji isizidi mita 4. Andikeni kwanza, juu kabisa ya karatasi, kwa maneno, chombo kitapita wapi na kitafanya nini. Halafu urefu, upana, uzito wa maji. Mizinga iwe ya mwisho. Na kikundi kitakachoandika kwamba kamanda anunue nyambizi zake, kionyeshe hesabu iliyokifikisha hapo, nitaisoma kwa makini kama nyingine zote.

Mnayo saa moja. Karai liko hapa, misumari imebaki pakiti moja na nusu.